Ugomvi hautoi albamu kali, usidanganywe

Kuna hii stori mashabiki wa muziki hupenda kupiga: eti bendi ikigombana ndiyo hutoa kazi kali. Mfano wao huwa ni zile albamu kubwa za roki, za santuri mbili. Mimi nasema hapana. Hebu tulinganishe mbili, halafu uamue mwenyewe.

Anza na The Beatles, 1968. Albamu yao yenye jalada jeupe pe ina nyimbo 30. Kwa nini nyingi hivyo? Prodyusa wao, George Martin, alitaka wazichuje zibaki za santuri moja. Lakini nani angekubali wimbo wake ukatwe? Lennon, McCartney na Harrison, kila mmoja alikuja na zake. Agosti mwaka huo mpiga ngoma, Ringo Starr, akachoka na kuondoka. McCartney akashika ngoma mwenyewe, kazi ikaendelea. Lakini wenzake walimwomba Ringo arudi, na aliporudi baada ya wiki mbili hivi alikuta ngoma zake zimepambwa maua.

Sasa twende kwa Pink Floyd, 1979, The Wall. Hapa bosi ni mmoja, Roger Waters. Hadithi ni yake, na nyimbo nyingi ni zake. Mpiga kinanda Richard Wright, aliyeanzisha bendi pamoja naye, akasukumwa nje. Kwenye shoo za albamu hiyo alipanda jukwaani kama mfanyakazi wa mshahara tu. Cha kuchekesha, shoo zenyewe zilikula pesa kuliko zilivyoingiza, kwa hivyo aliyefukuzwa ndiye aliyetoka na kitu mfukoni!

Utaniuliza, si albamu zote mbili ni kali? Ni kali, sikatai. Ila sikiliza Comfortably Numb. Muziki ni wa David Gilmour, maneno mengi ni ya Waters. Walivutana vibaya kuhusu namna ya kuupanga, mwishowe wakachukua kipande cha huyu na kipande cha yule. Watu huvutana kila siku bila kutoa chochote. Wimbo huu ulipatikana walipokubaliana.

Na angalia kilichofuata. Baada ya yale maua, The Beatles walitoa Abbey Road mwaka 1969, kabla ya kuvunjika 1970. Pink Floyd walitoa The Final Cut mwaka 1983 bila Wright, na kufikia 1985 Waters mwenyewe alikuwa ameondoka. Wanne hao hawakupiga pamoja tena hadi 2005, London, kwa usiku mmoja tu.

Kwa hivyo kama wewe na mabeste wako mna bendi, kikundi cha dansi au hata chaneli ya YouTube, na mmoja wenu ameanza kununa, usijipe moyo eti drama italeta hiti. Mpigie simu leo. Maua si lazima.