Sindano ya mafua inavyoweza kummaliza mchezaji

KWENYE Uwanja wa CCM Kirumba au pale Nyamagana, jijini Mwanza, mchezaji mwenye pumu ana mengi ya kumbana kifua: vumbi la kiangazi, chavua za majani na wale wadudu wanaopanda kutoka Ziwa Victoria kama moshi. Akianza kupiga chafya huku mechi iko keshokutwa, ushauri wa mtaani ni mmoja: kachome sindano, utakuwa fiti.

Hapo ndipo penye kasheshe. Zipo sindano za steroidi, kama triamcinolone, ambazo hutuliza mzio kwa wiki kadhaa. Lakini tangu Januari 1, 2022, Shirika la Kupambana na Dawa Michezoni Duniani (WADA) limezuia steroidi za kundi hilo kwa sindano ya aina yoyote wakati wa mashindano, yaani kuanzia saa 5:59 usiku wa kuamkia mechi. Triamcinolone ikichomwa msulini, WADA inashauri zipite siku 60 kabla ya kucheza. Hesabu mwenyewe ni mechi ngapi za ligi hizo.

Majirani zetu Kenya wanalijua joto lake. Diana Kipyokei alishinda Boston Marathon 2021, sampuli yake ikakutwa na dawa hiyo. Alinyang'anywa taji na kufungiwa miaka 6, adhabu iliyochangiwa pia na kutoa maelezo ya uongo.

Ipo sindano nyingine isiyo na tatizo hilo. Leonard Noon wa London aliielezea mwaka 1911: mgonjwa anachomwa kidogo kidogo kile kinachomsumbua, mfano chavua, hadi mwili uzoee. Haijazuiwa, ila inachukua kama miaka 3, na kila dozi mgonjwa hukaa nusu saa chini ya macho ya daktari. Siyo dawa ya keshokutwa.

Kwa pumu, dawa za kuvuta ndiyo njia salama zaidi. Steroidi ya kuvuta inaruhusiwa kwa dozi ya kawaida. Salbutamol mwisho ni maikrogramu 1,600 kwa saa 24, zisizidi 600 ndani ya saa 8; kwa kopo la maikrogramu 100, ni mipulizo 6.

Klabu kubwa zina daktari wa timu. Kijana wa ndondo anayesubiri kusajiliwa hana, na siku akipimwa, kusema "sikujua" hakumwokoi. Kabla ya kukunja shati, aulize jina la dawa na aseme yeye ni mchezaji.