Tableti pekee hazitawafunza Kiingereza wana wa Mombasa bara

WATOTO walioingia darasa la kwanza mwaka 2017, serikali ilipokuwa ikisambaza tableti katika shule za msingi kote nchini, ndio hao hao waliofanya mtihani wa kwanza wa Gredi ya 9 mwishoni mwa 2025. Umewadia basi wakati wa kuuliza swali ambalo wazazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wana haki ya kujibiwa: je, vifaa hivyo viliwasaidia wana wao kukimudu Kiingereza?

Suala hili si la anasa. Changamwe ndiko uliko uwanja wa ndege wa Moi pamoja na shughuli nyingi zinazotegemea bandari ya Kilindini. Kisauni ina hoteli za Bamburi na Shanzu, nayo Likoni imeahidiwa ajira katika eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu. Kote huko, kijana asiyejua Kiingereza huishia kubeba mizigo huku mwenzake aliyetoka kwingine akiiandikia hesabu.

Mtoto wa Mtongwe au Mjambere hukulia katika Kiswahili. Hukisikia nyumbani, sokoni, kwenye matatu na kivukoni. Hiyo si dosari, kwani tangu ripoti ya tume ya Gachathi ya mwaka 1976, sera imekuwa kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na mijini kwa Kiswahili. Taabu huanza darasa la nne, ambapo masomo yote isipokuwa Kiswahili hugeuzwa Kiingereza.

Isitoshe, Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto aliyezoea kuwa “u” ni ile ile daima, hukwama anapokutana na “but” na “put”. Hawezi kujinasua kwa kutazama maandishi tu. Anahitaji kusikia, kurudia na kusahihishwa. Ndiyo maana nyenzo za kufundishia zina uzito mkubwa hapa kuliko penye nyumba zinazozungumza Kiingereza.

Kenya haikuanza jana kutafuta msaada wa mitambo katika jambo hili. Kati ya 1980 na 1985, Taasisi ya Elimu ya Kenya iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya kwanza, kwa ufadhili wa Marekani. Kila siku ya shule kipindi cha nusu saa kilirushwa hewani. Sauti iliuliza, watoto wakajibu kwa pamoja, mwalimu akielekeza darasani. Tathmini ilionyesha kuwa wanafunzi hao waliwapita wenzao, hasa katika kusikiliza na kuelewa. Redio ilikuwa chombo cha bei nafuu, lakini kila kipindi kiliandaliwa hatua kwa hatua, na mwalimu alijua wajibu wake.

Tableti zilikuja kwa njia tofauti. Zilianza kama ahadi ya kampeni ya mwaka 2013, zikaanza kufika shuleni mwaka 2016, na hatimaye zaidi ya vifaa milioni moja vikasambazwa. Kwa hesabu ya idadi, hayo yalikuwa mafanikio. Hata hivyo, katika shule nyingi nchini vifaa viliishia kufungiwa kabatini kwa hofu ya wezi, au vikakosa mtu wa kuvitengeneza vilipoharibika. Pwani, joto na hewa ya chumvi havihurumii mitambo isiyotunzwa. Baadaye serikali iligeukia wazo la maabara za tarakilishi.

Wakati uo huo, mpango wa Tusome, ulioenezwa katika shule zote za msingi za umma kuanzia mwaka 2015, ulifuata mkondo mwingine. Ulihakikisha kila mtoto wa madarasa ya chini ana kitabu chake cha Kiingereza na cha Kiswahili, na mwalimu ana mwongozo wa kila somo. Tableti zilikabidhiwa maafisa wa mtaala, ambao walizuru madarasa, wakapima jinsi watoto wanavyosoma, kisha wakamshauri mwalimu papo hapo.

Uamuzi huo haukuwa wa kubahatisha. Utafiti uliofanywa Kisumu na kuchapishwa mwaka 2016 ulilinganisha njia tatu: kumpa mwanafunzi kifaa, kumpa mwalimu, na kumpa afisa anayemshauri mwalimu. Zote ziliinua usomaji, maadamu ziliandamana na vitabu bora na mafunzo kwa walimu. Lakini vifaa havikuongeza mengi juu ya yale ambayo vitabu na mafunzo yalikuwa yamekwisha kuleta, na njia iliyostahili zaidi gharama yake ilikuwa ile ya afisa.

Hoja hapa si kwamba teknolojia haina faida. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, redio na runinga ndizo zilizobaki kuwa daraja kwa watoto wengi ambao nyumbani hawakuwa na intaneti. Kwa wanafunzi wa shule ya vipofu ya Likoni, mtambo unaogeuza maandishi kuwa sauti au nukta za Breli si pambo, bali ndio kitabu chenyewe. Na leo simu ya mzazi inaweza kubeba hadithi za kusikiliza ambazo zamani zilihitaji kituo kizima cha redio.

Lakini chombo hakijiendeshi bila nahodha. Kabla ya zabuni nyingine kutangazwa, wizara na taasisi ya mitaala zinapaswa kueleza mwalimu atatumia kifaa hicho katika somo gani, nani atamfunza, na fedha za ukarabati zitatoka wapi. Vipindi vya kusikiliza Kiingereza, vinavyoweza kuchezwa bila intaneti kwa kipaza sauti kimoja darasani, vingegharimu sehemu ndogo tu ya bei ya tableti kwa kila mtoto. Maafisa wa mtaala nao wapewe nauli ya kuzifikia shule, kwani afisa asiyefika darasani hana ushauri wa kutoa.

Darasa la 2017 limekwisha kupita, wala haliwezi kurudishwa nyuma. Wadogo zao walioko Gredi ya 1 leo wanaweza kuokolewa, iwapo vitabu na mwalimu vitatangulia na mitambo ikafuata.