Gredi Moja, Foleni Mbili

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, simu hulia kati ya Homa Bay, Migori na Nairobi. Shangazi au mjomba aliye mjini huwa na swali moja tu: "Amepata gredi gani?" Akiambiwa ni B, ukoo mzima humfanya kijana daktari kabla hajachagua kozi. Swali hilo halitoshi, na huenda likamkosesha mtoto nafasi yake.

Tuanze na hesabu. Gredi ya A ni pointi 12, A- ni 11, na kushuka hivyo hadi E ambayo ni 1. Masomo saba yanayohesabiwa hayapiti pointi 84. Mwenye 46 hadi 52 hupata wastani wa C+, nao ndio mlango wa chini wa kuingilia digrii. Lakini kufika mlangoni si kupata kiti.

KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, hutazama pia masomo manne yanayohusu kozi yenyewe. Hayo huitwa klasta, na jumla yake ni pointi 48. Walimu wengi hukadiria hivi: gawanya pointi za klasta kwa 48, gawanya pointi za masomo saba kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Chukua mfano wa wasichana wawili, mmoja wa Rongo na mwingine wa Mbita. Kila mmoja ana pointi 63, yaani B. Wote wanataka uuguzi. Wa Rongo ana pointi 40 katika masomo manne ya kozi hiyo. Wa Mbita ana 34, kwa kuwa nguvu zake ziko kwenye historia na dini. Wa kwanza anapata takriban 37.9, wa pili 35.0. Gredi ni moja, lakini katika foleni ya uuguzi hawasimami pamoja. Katika foleni ya kozi nyingine, wa Mbita ndiye angekuwa mbele.

Wanaofanya mtihani wa SAT wa Marekani huonyeshwa pia ni watahiniwa wangapi katika kila mia ambao hawakuwazidi. Mtahiniwa wetu haonyeshwi hivyo, lakini foleni ipo vilevile. Zile pointi za mwaka jana zinazotajwa kwa kila kozi ni za mtu wa mwisho aliyepata kiti. Wakiomba wengi wenye alama za juu, zitapanda, wakipungua, zitashuka. Basi zitumie kama dira, usizichukue kuwa ahadi.

Mzazi, keti na mwanao muangalie pointi zake za klasta katika tovuti ya KUCCPS. Msijaze machaguo yote kwa kozi zilizo juu ya uwezo wake. Wekeni moja ya kujaribu bahati, kadhaa zinazomlingana, na moja iliyo chini ya pointi zake. Kumbukeni pia kwamba kozi ileile mara nyingi huhitaji pointi chache zaidi katika Chuo Kikuu cha Rongo au cha Tom Mboya kuliko katika vyuo vikubwa vya Nairobi. Wapo wanaoona haya kusomea karibu na nyumbani. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.

Na aliyepata C-? Kozi nyingi za diploma ziko wazi kwake. Usimwambie ameanguka, mwulize anataka kufanya kazi gani.

Basi simu ya nyumbani ikilia, ndugu msomaji, uliza gredi, kisha uliza la pili: "Masomo yake manne yana pointi ngapi?" Tukutane Jumapili ijayo.