Dada zangu, uke haufuliwi

Nimefanya kazi ya maabara sehemu kubwa ya maisha yangu, na sasa ninaishi Kibirizi, Kigoma, jirani na kina mama wanaoanika dagaa. Huja kuniuliza yale wanayoona haya kumuuliza daktari kijana. Swali linalorudi kuliko yote ni hili: "Mama, nijisafishe na nini?" Mmoja hutumia sabuni ya kipande, ileile ya kufulia. Mwingine maji ya limau. Mwingine kapewa shabu na shoga yake, kaambiwa itambana na mume atafurahi. Kwa mtu anayeshinda kwenye samaki tangu alfajiri, hamu ya usafi ninaielewa kabisa. Jibu langu ni moja: nje osha kwa maji, ndani usiguse.

Sababu yake nimeiona kwenye hadubini. Ukichukua ute wa mwanamke mwenye afya, ukaupaka kwenye kioo na kuutia rangi, utaona seli pana za waridi, na juu yake vijiti vya zambarau vimelala. Hao ni bakteria waitwao laktobasili, ambao daktari Mjerumani, Albert Döderlein, aliwaeleza mwaka 1892. Hawaelei ovyo humo. Juu ya miili yao wana protini zinazoshika ngozi ya seli, wakang'ang'ania. Ni kama mwaloni kwetu siku boti zimejaa: iliyochelewa haina pa kufungia kamba. Kidudu cha ugonjwa nacho sharti kishike seli kwanza ndipo kizaliane. Kikikuta nafasi imekaliwa, hutolewa na ute.

Tena hawakai bure. Seli hizo zina akiba iitwayo glaikojeni. Ikimeng'enywa, inakuwa sukari ambayo laktobasili huila na kuigeuza asidi ya laktiki, ileile inayoutia mtindi uchachu. Kwenye kipimo cha pH, uke wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, mwenye laktobasili wa kutosha, kwa kawaida husoma chini ya 4.5, na wadudu wengi wa maradhi hawastawi hapo. Sasa sabuni ya kufulia ni alkali. Ukiiingiza humo unapunguza uchachu na kuwaondoa bakteria pamoja na ute wao. Limau na shabu huchubua, na ngozi iliyochubuka hurahisisha VVU kupenya.

Kioo cha mwanamke aliyepoteza laktobasili ninakitambua mara moja. Vijiti hakuna, seli zimegubikwa na vidudu vidogo vidogo hadi kingo zake hazionekani. Mwenye hali hiyo mara nyingi hulalamika harufu kama ya samaki. Hapa Kibirizi jambo hili linaniuma zaidi, kwa sababu mama wa dagaa akiisikia hudhani ni kazi yake imemganda mwilini. Anaona aibu, anasugua zaidi, na kila anaposugua anazidi kuwaondoa waliobaki. Dada, hiyo si harufu ya dagaa. Ni ugonjwa unaopimika na kutibika, nenda kapime.

Mombasa wameyachunguza haya kwa miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wanawake 1,270, wanaofanya biashara ya ngono, kwa kipindi cha miaka 10. Waliojiosha ndani kwa sabuni walipata VVU kwa kiwango cha zaidi ya mara tatu ya wale wasiojiosha ndani kabisa. Hata waliotumia maji matupu walipita mara mbili. Utafiti wa aina hii peke yake hauthibitishi kwamba sabuni ndiyo chanzo, lakini mwingine wa mjini humo humo, wa mwaka 1999, ulikuwa umeonyesha kuwa wanawake wasio na laktobasili walipata VVU na kisonono zaidi. Kwangu mimi hayo yanatosha kuiacha sabuni nje.

Kisha kuna hii UTI, ambayo siku hizi kila tumbo likiuma chini ndilo jina linalotajwa. Mara nyingi kinacholeta UTI ni E. koli, mkazi wa utumbo mpana, ambaye huweka kambi ukeni kabla ya kupanda njia ya mkojo. Laktobasili humpunguza hapo. Mtu akienda duka la dawa bila kipimo, akapewa amoksilini kwa sababu tu ameiomba, dawa haichagui. Inaua hata wale waliokuwa wakimkinga, na si ajabu akarudi na fangasi. Pima mkojo kwanza. Kidudu kikionekana, meza dozi mpaka iishe.

Wapo watakaoniuliza habari za mtindi. Kule Mabatini, Mwanza, kina mama wa kikundi cha Tukwamuane walishirikiana na chuo kikuu kimoja cha Kanada kutengeneza mtindi wenye laktobasili aina ya GR-1. Ni kazi nzuri na chakula kizuri. Ila mtindi ni wa kunywa, usiupake, wala usiuchukulie kama mbadala wa matibabu.

Kina baba nanyi mnahusika. Mume anayedai ukavu anamdai mkewe ajichubue. Makungwi, ninawaheshimu, na wasichana wanawasikiliza ninyi kuliko wanavyonisikiliza mimi, kwa hiyo somo la shabu litoeni kwenye mafunzo yenu.

Manispaa ya Kigoma Ujiji nina ombi nayo. Wahudumu wa afya waje mwaloni siku za mbalamwezi, wavuvi wa taa wasipoingia ziwani na kina mama wakiwa na nafasi. Waje na hadubini na vioo viwili, kimoja chenye vijiti na kimoja kisicho navyo, kila mama aangalie mwenyewe. Kazi ya kupaka rangi nitaifanya mimi.