Mawazo yaleyale hayataleta maji

Wandugu, tujiambie ukweli. Kila mara tunakutana juu ya shida ya maji hapa Goma, mukutano inaisha na mambo matatu: barua, sit-in, maandamano. Wakubwa wameshazoea. Polisi wanatungojea kwenye rond-point. Na mama zetu wanaendelea kubeba bidon toka ziwa.

Si kwamba vijana hawana akili. Shida ni namna tunafanya mikutano: mwenye kusema wa kwanza, tena kwa sauti kubwa, anavuta wote. Wengine, zaidi wadada, wananyamaza na mawazo yao.

Kuna njia ingine. Mu 1968, Mujerumani Bernd Rohrbach alitoa ile inaitwa 6-3-5: watu 6, kila mutu anaandika mawazo 3 kwa dakika 5, kimya. Kisha anapitisha karatasi kwa jirani. Naye anasoma, anaongeza yake 3. Kisha zamu 6, ni nusu saa tu, na muko na mawazo 108.

Mengi yatafanana, ndiyo. Kwa hiyo tunaongeza sheria mbili. Moja: barua, sit-in na maandamano, marufuku kuviandika. Mbili: yanayofanana tunayaweka pamoja, yanahesabika wazo moja. Hapo ndipo tutajua kama kweli tuko na njia kumi ao tuko na moja yenye majina kumi.

Barabara hatuiachi. Lakini mbele ndugu mwingine alale cachot, tuwe tumetafuta vizuri. Mukutano unaokuja, kila mutu akuje na bic na karatasi.