Mtoto wa Wakili Wilding

Wakili Frederick Wilding wa Opawa, kando ya Christchurch, New Zealand, alikuwa na uwanja wa tenisi nyumbani kwake, na mwenyewe alikuwa hodari wa tenisi na kriketi. Mkewe Julia alipiga piano. Mtoto wao Anthony, aliyezaliwa 31 Oktoba 1883, alikuta raketi nyumbani kama watoto wengine wanavyokuta jembe.

Kriketi nayo aliiweza. Kabla hajatimiza miaka 20 alikwisha kuichezea timu ya jimbo la Canterbury. Kisha akapelekwa Cambridge, Uingereza, akasoma sheria hadi akawa wakili, lakini kazi ya ofisini haikumshika. Alipenda viwanja, na pikipiki aliyoiendesha nchi hata nchi kwenda mashindanoni. Mzazi aliyewahi kulipa ada ataguna hapa, ingawa mzee Wilding asingekuwa na wa kumlaumu: raketi ile alimshikisha mwenyewe.

Anthony alitwaa ubingwa wa Wimbledon mara nne mfululizo, 1910 hadi 1913. Mwaka 1914 akavuliwa na Norman Brookes wa Australia, rafiki yake. Hawakununiana. Wiki chache baadaye walikuwa Marekani pamoja, timu moja, wakigombea Kombe la Davis.

Huko Pittsburgh waliwafunga Wajerumani Otto Froitzheim na Oscar Kreuzer, vita ikiwa inaanza Ulaya. Wajerumani hao walipanda meli kurudi kwao wakapigane, wakakamatwa njiani na Waingereza, wakafanywa mateka. Bila shaka waliona ni balaa, lakini wote wawili waliishi hadi uzeeni.

Wilding na Brookes walilichukua kombe, kisha Wilding akaenda kujiandikisha jeshini. Kwa kuwa alijua magari, aliwekwa kwenye kikosi cha magari ya deraya, akapanda cheo hadi kapteni. Tarehe 8 Mei 1915, akiwa Ufaransa, aliandika barua kwamba kazi iliyo mbele yake huenda ikammaliza yeye na mzinga wake. Kesho yake, karibu na Neuve-Chapelle, kombora liliangukia handaki alimokuwa amejikinga. Alikuwa na miaka 31.

Dada yake Cora alibaki. Mwaka 1931 alianzisha chama huko Christchurch, kikawa kinawapeleka watoto dhaifu kambini wapate jua, chakula na michezo.