Tuandike Majina ya Waliozikwa Malindi

Ndugu zangu wa Taita Taveta, mlioko nyumbani na mlioko Mombasa, Nairobi na ng'ambo,

Mwaka 1915, Waingereza na Wajerumani wakipigania mpaka uliopita katika ardhi yetu, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwatuhumu Wakasigau, watu wa mlima Kasigau, kwamba wanawasaidia Wajerumani. Nyumba zao zikachomwa moto, na wao wenyewe, wazee kwa watoto, wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi. Watu wa mlimani walitupwa kwenye joto la pwani, na wengi walifia huko kwa maradhi. Walionusurika walikaa uhamishoni miaka mingi. Ilikuwa miaka ya 1930 ndipo wakarejea Kasigau.

Hayo tunayajua. Lakini waliokufa ni akina nani?

Majalada ya serikali hayatatujibu: ofisa wa wilaya wa kikoloni alimwandikia mkubwa wake. Hakuwaandikia wajukuu wa aliowahamisha. Usitarajie kumkuta nyanya yako katika majalada yake, wala watoto aliowazika. Tuhuma iliandikwa na mtuhumu, na tusipoandika sisi, kauli yake ndiyo itakayobaki.

Majina yamo vinywani mwa wazee wa vijiji vya Kasigau: Rukanga, Jora, Bungule na Makwasinyi. Aliyezaliwa mwaka 1935 leo ana miaka 90 hivi. Huyo alilelewa na walioishi Malindi, akasikia habari zao jikoni. Tukimzika kabla ya kumuuliza, tumezika ukoo mzima pamoja naye.

Basi kila familia imtafute mzee wake. Msimwambie tu, "Tusimulie historia." Muulizeni: Nani hakurudi? Nani alizaliwa kule? Mama yake aliitwa nani, na alitoka ukoo gani? Swali la mama ni muhimu sana, kwa sababu tumezoea kuhesabu nasaba kwa baba na mabinti wanapotea wakishaolewa. Rekodini kwa simu, mkianza kwa kutaja jina la mzee, kijiji na tarehe, na mumwombe ruhusa kwanza. Akichoka, mwacheni apumzike.

Kisha fungueni sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Mara nyingi mna kadi ya ubatizo iliyokunjwa hadi mikunjo ikakatika, kipande cha babu cha enzi za ukoloni, stakabadhi ya kodi, picha isiyoandikwa kitu nyuma. Pigeni picha kila karatasi mbele na nyuma, nje penye mwanga. Msirekebishe jina lililoandikwa kwa tahajia ya ajabu. Mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia tatu katika karatasi tatu, na zote zitahitajika kumtambua. Karatasi yenyewe ibaki kwa mwenyewe.

Nawaomba pia makasisi na walimu wakuu. Wamisionari walifika Sagalla mwaka 1883 na Bura mwaka 1892. Daftari zozote za zamani mlizorithi, za ubatizo, ndoa au wanafunzi, ziondoeni sakafuni kabla mchwa hawajazifikia, mkaruhusu zipigwe picha. Kaunti nayo itenge chumba kimoja kikavu katika maktaba ya umma na kumwajiri mtu wa kuzipanga. Ombi hilo tulipeleke kwa wawakilishi wadi wetu, tukilisema wazi katika vikao vya bajeti.

Desemba watoto wetu watakuja nyumbani na simu zao. Kabla hawajarudi mjini, kila mlango wa Kasigau uwe umetoa angalau jina moja la mtu aliyezikwa Malindi.